Novemba mtoni, usije alfajiri

Juzi tena mgeni anayetaka nimpeleke kuvua samaki aina ya trauti kaniandikia: “Kaka, tukutane saa kumi na moja alfajiri, tuwawahi kabla jua halijatoka.” Ni wa nne mwezi huu. Jamani, hii ni Novemba, Mto Missouri, chini ya bwawa la Holter, jimbo la Montana, Marekani. Saa hiyo ni giza totoro, na kila ukirusha, maji yanaganda kwenye pete za ufito wa kuvulia mpaka mshipi haupiti.

Alfajiri ni mambo ya Julai, mchana unapochemsha maji na trauti kuchoka. Novemba ni kinyume. Samaki hana joto lake mwenyewe. Maji yakiwa nyuzi 5, naye ni nyuzi 5. Tumbo linasaga polepole, na hatoki alipolala kukimbilia chambo. Lakini anakula! Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri maji hupanda kidogo, vidudu vya Baetis, wadudu wadogo wa mtoni ambao trauti huwala, vinaanza kuelea, na pua za trauti zinachomoza juu ya maji. Vitabu vinasema siku ya mawingu ndiyo yenyewe. Mara nyingi ni kweli, ila nimewahi kukaa chini ya mawingu mazito mchana kutwa nisione pua hata moja, na sababu sijaipata. Ndoana ndogo sana, namba 20, ncha nyembamba ya mshipi, ufito wowote wa uzito wa namba 5. Basi.

Sasa linaloniuma. Mgeni akikosa samaki vilindini, anaona trauti wakubwa wa kahawia wamejianika kwenye kokoto, maji ya kina kifupi, anaanza kuwarushia. “Si wanauma?” Wanauma, ndiyo, dume anamfukuza yeyote anayesogelea jike wake. Njaa haimo. Wako uzazini. Trauti wa upinde wa mvua hutaga majira ya kuchipua. Hawa wa kahawia, ambao Nyeri tunawajua tangu walipopandikizwa Mto Gura mwaka 1905, huku Montana hutaga sasa hivi.

Tazama jike: anajilaza ubavu, anapiga mkia, kokoto zinaruka, shimo linatokea. Anataga, anasogea juu kidogo, anachimba tena, na kokoto za shimo jipya zinafukia mayai. Panabaki doa jeupe kama sufuria iliyosuguliwa, kwa sababu ukoga umetoka. Wengi wakishaambiwa wanalikwepa shimo, kisha wanakanyaga kijituta kilicho nyuma yake, upande maji yanakoelekea. Mayai yamo humo kwenye kijituta! Yatakaa humo msimu wote wa baridi, na gambuti moja inatosha kuyaponda. Ukiona doa jeupe, toka majini, zunguka nchi kavu.

Kuna jambo bado linanisumbua. Nyuma ya madoa hayo, trauti wa upinde wa mvua hujipanga kudaka mayai yanayosombwa, nasi tunawavua kwa chambo cha mfano wa yai. Nimefanya hivyo miaka mingi. Siku hizi nashuka hatua 30 chini ya doa la mwisho ndipo nirushe, na hata hapo moyo hautulii, maana jike aliyemaliza kutaga naye hushuka kupumzika papo hapo.

Kwa hiyo kaka, lala. Tukutane saa nne na nusu, kunywa chai kwanza, na uje na glavu jozi mbili. Ya kwanza italowa ukimrudisha samaki majini.