Kauri inayong'aa ilichukuliwa ikiwa hai

Kuna kitu nakiona kila nikiongea na watu kuhusu kauri, wengine mnaziita simbi au kete, zile ndogo nyeupe zenye duara la njano mgongoni. Karibu kila mtu anaamini zile zinazouzwa kwenye shanga na bangili zimeokotwa ufukweni, zimeletwa na mawimbi. Hapana jamani. Kauri iliyokufa yenyewe ikasuguliwa na mchanga inapauka, mara nyingi mgongo unatoboka kabisa. Ile inayong'aa kama imepakwa vanishi imetolewa baharini na mnyama wake ndani, akauawa, halafu gamba likasafishwa.

Mng'ao wenyewe unatoka wapi? Huyu ni konokono, jina lake la kisayansi Monetaria annulus, urefu wake ni sentimita mbili hivi. Akiwa ametulia anatoa ngozi laini kupitia ule ufa wa chini, inapanda pande zote mbili mpaka inakutana mgongoni, gamba lote linafunikwa. Hiyo ngozi ndiyo inayojenga gamba na ndiyo inayozuia koga na viumbe vingine visigande juu yake, ukimgusa tu anairudisha ndani taratibu na hapo ndo unaona ile duara ya njano imetokea.

Kitu kingine watu hawakijui, kauri mdogo si lazima awe mtoto. Mtoto wake ana gamba jembamba, mdomo wa gamba uko wazi kama wa konokono wa kawaida, wala huwezi kumtambua kirahisi. Akikomaa mdomo unajikunja kwa ndani, yale meno, yaani mikunjo migumu ya gamba, yanatokea pande zote za ufa, na kuanzia hapo harefuki tena, gamba linazidi kuwa nene tu. Chakula chake ni mwani, anakaa kwenye miamba na majani ya bahari, mahali ambapo maji ya bamvua yakitoka mtu anafika kwa miguu. Ndo maana ni rahisi sana kummaliza.

Na ameshavunwa kweli. Msafiri Ibn Battuta alipokuwa visiwa vya Maldives karne ya 14 aliona ndugu yake kauri, Monetaria moneta, akichimbiwa shimo pwani mpaka nyama ioze ibaki gamba, na gamba hilohilo alilikuta likitumika kama pesa huku Mali, ng'ambo ya bara zima. Halafu miaka ya 1840 kampuni ya Hertz ya Hamburg ikaanza kununua kauri zetu Zanzibar, na meli zikabeba maelfu ya tani kwenda Afrika Magharibi, zikawa nyingi kiasi kwamba thamani ya pesa ya kauri kule ikaporomoka. Kila gamba lilikuwa na mnyama wake.

Kinachoniuma zaidi ni majike. Jike akitaga analalia mayai yake chini ya jiwe au tumbawe, hatoki mpaka yaanguliwe, kwa hiyo ukifunua jiwe ukamkuta ametulia sehemu moja hajisogezi, mwache, na jiwe lirudishe kama ulivyolikuta kwa sababu vilivyokaa kivulini vikipigwa na jua vinakufa, hata kama hujachukua kitu. Kwenye hifadhi kama ile ya taifa ya bahari ya Watamu kule Kenya, ya tangu 1968, kuchukua hairuhusiwi kabisa, hata gamba tupu.

Wacheza bao mnaotafuta kete, komwe, zile mbegu, zinatosha, ndizo wazee wengi wanazochezea. Na kwa watoto wanaookota pwani, waonyesheni tofauti ya kauri na yule konokono mwenye umbo la pia, ufa wake mrefu hauna meno. Yule wasimshike wala kumtia mfukoni, anachoma, baadhi yao wana sumu iliyoshaua watu na dawa ya kuipinga haipo, ni hospitali moja kwa moja.