Je, wajua kwa nini mtu mfupi akiwa kwenye pikipiki huhitaji mguu mmoja tu wa kufika chini?

Muuguzi mmoja anayepeleka chanjo kwenye vijiji vya Walungu aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hasa na akina mama. Kimo chake ni sentimita 155. Kazini wanataka kumpa pikipiki ya njia mbovu, ile yenye matairi ya meno na madigadi ya mbele yaliyoinuka juu. Alipoijaribu uani, vidole vya miguu vilibaki vinaning'inia hewani. "Yaya," akaniambia, "hii moto (pikipiki) ni ya watu warefu. Mimi nitafute ya mjini tu?"

Nilimwambia asubiri kwanza. Nimeona watu wengi wafupi, wake kwa waume, wakinyimwa pikipiki inayofaa kazi yao kwa sababu ya kipimo kimoja kilichoandikwa kwenye karatasi ya dukani, yaani urefu wa kiti. Kipimo hicho ni cha kweli, lakini watu hukisoma vibaya.

Tupige hesabu yake. Mtu wa sentimita 155 huwa na mguu wa sentimita 70 hivi, ukipima kutoka pale mapaja yanapokutana hadi kisiginoni. Pikipiki nyingi ndogo za njia mbovu zina kiti cha sentimita 80 hadi 88 kutoka ardhini. Tuchukue yenye 83. Pengo ni sentimita 13, na ukiishia hapo utaona kama hakuna njia. Ila kipimo cha karatasini kilichukuliwa pikipiki ikiwa tupu. Ukiikalia, shokamzoba zake, amortisa kama tunavyoziita huku, hubonyea kwa uzito wako, tuseme sentimita nne. Sponji ya kiti nayo hubonyea moja. Buti lenye soli nene linakupa tatu. Zimebaki tano, na hizo unazipata kwa kusogeza makalio upande wa kushoto wa kiti, mguu wa kushoto ukanyage kwa kidole na nusu ya wayo, wa kulia ubaki juu.

Kwa hiyo mguu mmoja umefika. Na huo mmoja ndio unaohitajika, kwa sababu mguu wa kulia una kazi yake nyingine: ndio unaoshika breki ya nyuma. Kwenye mpando wa udongo mwekundu, mvua ikiwa imenyesha, ukisimama ukaweka miguu yote miwili chini umeiachia breki hiyo. Unabaki na ya mbele peke yake, inayoshikwa kwa mkono. Lakini kwenye mpando uzito wote umelala nyuma, gurudumu la mbele ni jepesi, nalo hata likifungwa kabisa huteleza kurudi chini pamoja nawe. Mtu mrefu mwenye miguu miwili chini pale juu hayuko salama kuliko wewe. Waendeshaji wazuri wa milimani, wawe warefu au wafupi, husimama kwa mguu wa kushoto na kuibana breki ya nyuma kwa wa kulia.

Swali kubwa basi ni mahali pa kusimama. Njia zetu za vilimani hazilali sawa. Upande mmoja umeinuka kwenye mlima, mwingine unashuka bondeni. Chukua njia iliyoinama nyuzi kumi tu, ambayo kwa macho huoni kama imeinama sana. Mguu wako unakanyaga sentimita 40 hivi pembeni mwa pikipiki. Upande wa bondeni ardhi itakuwa chini kwa sentimita saba zaidi. Upande wa mlima itakuwa juu kwa saba. Tofauti ya pande hizo mbili ni sentimita 14, kubwa kuliko tofauti ya viti kati ya pikipiki nyingi utakazooneshwa dukani. Ndiyo maana hata jitu la sentimita 180 huanguka kizembe likisimama vibaya na kutafuta ardhi upande wa bondeni. Sisi wafupi hujifunza mapema kuangalia mbele: jiwe lile, kingo ile ya njia, kichuguu kile, nitasimama hapo. Mwanzoni ni mzigo wa mawazo. Baada ya miezi michache macho yanafanya yenyewe.

Sasa turudi kwenye amortisa, maana hapo ndipo wauzaji wengi hunyamaza. Springi za kiwandani mara nyingi huchaguliwa kwa mtu wa kilo 70 na zaidi. Wewe ukiwa na kilo 50, pikipiki haibonyei inavyotakiwa: unakaa juu zaidi, kisha kila jiwe linakurusha, kwa kuwa springi ni ngumu kwa uzito wako. Maumivu mawili kutoka chanzo kimoja. Kabla ya kufikiria kukata chochote, mwombe fundi alegeze springi ya nyuma. Zenye amortisa mbili za pembeni huwa na pete ya ngazi ngazi chini ya springi, inayozungushwa kwa ufunguo wake. Zenye moja ya katikati huwa na nati mbili kubwa za kulegeza. Hiyo ni kazi ya muda mfupi isiyohitaji kununua kipuri. Ila ukipakia mzigo mzito au abiria, ikaze tena, la sivyo itagonga mwisho kwenye kila shimo.

Upana wa kiti nao ni jambo ambalo karatasi haisemi. Kiti kipana hutanua mapaja, na mguu uliotanuka hauendi chini, unaenda pembeni. Pikipiki za njia mbovu zina kiti chembamba sana mbele, karibu na tangi, kwa hiyo moja ya sentimita 83 inaweza kukufikisha chini sawa na ya mjini yenye 79 na kiti cha kubebea watu watatu. Usiamini namba. Ikalie, tena ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda kwa kueleza urefu unatoka wapi. Kampuni ya Kawasaki ilitengeneza KLX140R kwa vimo vitatu, injini ikiwa ile ile. Ya kwanza ina kiti cha sentimita 78, magurudumu ya inchi 17 mbele na 14 nyuma. Ya pili, 80, na magurudumu ya 19 na 16. Ya tatu, 86, na magurudumu ya 21 na 18, kipimo cha pikipiki kubwa kabisa za msituni. Sehemu kubwa ya urefu unaoulipia, au unaoukimbia, ni gurudumu na amortisa ndefu. Na gurudumu si pambo. Lile la 21 hupita juu ya jiwe ambalo la 17 huligonga na kusimama. Kwa njia za hapa, zenye mawe yaliyofukuliwa na mvua na mifereji iliyochimbwa na matairi ya malori, ningemkataza mtu mzima ile ndogo hata kama miguu yake inafika chini yote miwili. Ya 19 na 16 ndiyo ya kati inayovumilika. Honda huwa na utaratibu huo huo kwa CRF125F, na Yamaha TT-R125 yenye 19 na 16 ina kiti cha kama sentimita 80 na uzito wa kilo 90 hivi. Angalizo moja: hizi za Kawasaki, Honda na Yamaha hutoka kiwandani bila taa za barabarani. Ni za mchezo na mashamba, na mtu anayerudi kazini jioni hawezi kuzitegemea.

Wapo wanaosema pikipiki fupi ni ya mtoto. Hilo huniudhi. Mwaka 1985 Yamaha ilitoa Japani pikipiki iitwayo Serow, jina la mnyama wa milimani anayefanana na mbuzi. Injini ilikuwa ya sentimita za ujazo 223, kiti cha sentimita 81, gurudumu la mbele 21. Wazo lake lilikuwa magurudumu mawili pamoja na miguu miwili: pale njia inaposhindikana, mwendeshaji anakanyaga chini na kuisukuma mbele kama mtu anayepiga makasia. Iliundwa makusudi kwa watu wazima wa milimani, ikauzwa kwao hadi 2020. Na hapa lazima niseme kweli yote: kwenye tope la magotini, kiti cha chini kinasaidia, kwa kuwa huko huendeshi, unatembea na pikipiki. Mguu mmoja unatosha kusimama. Hautoshi kupiga makasia.

Hata hivyo, kama ningelazimishwa kuchagua kati ya kupunguziwa sentimita tano na kupunguziwa kilo 20, ningechagua kilo. Pikipiki itaanguka. Itaanguka na wewe, na mara nyingi hakuna mtu karibu. Honda XR150L ina karibu kilo 130, CRF300L karibu 140. Mtu wa kilo 50 anaweza kuinua ya 130 akijua namna yake: zima injini, igeuze kwanza matairi yaelekee upande wa bondeni, weka gia ya kwanza isiteleze, kisha igeukie mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha kiti kwa mwingine, sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Ikiwa imelalia upande wa kulia, fungua stendi kabla hujaanza, maana ikisimama itataka kukuangukia upande wa pili. Fanya mazoezi hayo uani, mbele ya muuzaji kama anaruhusu. Usipoweza kuiinua kwenye sementi kavu, usiichukue.

Wengine hukimbilia injini kubwa wakisema milima yetu inataka nguvu. Ni kweli kwamba Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, na injini yoyote isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Zenye kabureta hunywa mafuta mengi mno kwa hewa inayopatikana, na huweza kutoa moshi mweusi, mpaka fundi abadilishe jeti, kitundu kinachopitisha mafuta. Zenye mfumo wa kompyuta hujirekebisha. Lakini mtu wa kilo 50 juu ya injini ya 125 au 150 anapanda pale ambapo mtu wa kilo 90 anahitaji kubwa zaidi. Wepesi wako ni nguvu ambayo tayari unayo.

Hakikisha ina stata ya umeme. Kwa mtu mrefu ni starehe. Kwako ni usalama, kwa sababu kupiga kiki kwa mguu wa kulia kwenye mteremko, ukining'inia kwa kidole cha kushoto, ndivyo watu wengi wafupi wanavyoanguka wakiwa wamesimama.

Kukata sponji ya kiti ni dawa ambayo kila fundi wa mtaani atakupa kwanza, na mimi naiweka mwisho. Unapata sentimita mbili au tatu, unapoteza makalio baada ya saa moja ya mawe. Afadhali apunguze pembeni, kiti kiwe chembamba, katikati aache. Kushusha amortisa ya nyuma kwa kubadilisha vyuma vya kiungo chake kunawezekana, ila ukishusha nyuma bila kushusha mbele kwa kiasi kinacholingana, usukani unakuwa mzito kugeuka, na tumbo la injini linaanza kugonga mawe. Fundi akishusha pikipiki, afupishe na stendi. Nilisahau hilo mara moja: stendi ikawa ndefu kuliko pikipiki, ikasimama wima mno, upepo mdogo tu ukaisukuma upande wa pili na kuvunja mkono wa breki.

Na mikono je? Kiganja kidogo huchoka haraka kuliko mguu mfupi. Mikono ya klachi na breki isogezwe karibu na usukani, na kebo ya klachi itiwe mafuta. Kwenye mteremko mrefu utashukuru.

Kulikuwa na jambo moja ambalo muuguzi hakuliuliza, nami ndilo lililonisumbua: sanduku la barafu la chanjo. Likifungwa nyuma ya kiti, juu, mguu wake hautapita kamwe juu yake wakati wa kupanda, na uzito wa juu huivuta pikipiki kulala. Anayeketi mbele ya sanduku hupanda namna nyingine. Pikipiki ikiwa kwenye stendi iliyokaa imara, unasimama kwa mguu wa kushoto juu ya kikanyagio, kama mtu anayepanda baiskeli, kisha unapitisha wa kulia mbele yako juu ya kiti. Pikipiki zilizoundwa kwa wakulima zinalijua tatizo hili. Honda CTX200, kwa mfano, ina stendi pande zote mbili, uchague ule ulio upande wa mlima.

Jumamosi tulienda kuijaribu tena ile ya kazini kwake. Tulilegeza springi ya nyuma, tukalifunga sanduku chini kadiri kamba ilivyoruhusu, akavaa mabuti yake ya mvua. Mara ya kwanza alisimama upande wa bondeni, nikaidaka. Mara ya nne alisimama kwenye jiwe alilolichagua mwenyewe, breki ya nyuma imebanwa, akaniuliza kama anaweza kuendelea hadi juu.