Sita ya Mwalimu

Nikishatamka neno saratani, najua dakika tano zinazofuata ni za bure. Mzee ananitazama, anaitikia "ndiyo daktari", lakini hayupo. Ameshafika Machame, anapiga hesabu nani atabaki na kihamba, shamba la ukoo. Ndiyo maana siku hizi, hapa Moshi, nawaomba wagonjwa wa tezi dume wasije peke yao kuchukua majibu ya kinyama, yaani kile kipande kidogo cha tezi tunachokichukua kwenda kupimwa. Njoo na mama, au na binti mwenye kalamu.

Mwalimu mmoja mstaafu aliisoma karatasi yake kabla sijamweleza. "Gleason 6," akasema. "Sita kati ya kumi. Nimefaulu au nimefeli?" Nikacheka; yeye hakucheka. Alama hiyo inaonyesha seli za saratani zimepotea umbo kiasi gani zikitazamwa kwa darubini, na siku hizi majibu ya kinyama huanzia 6 hadi 10. Kwa hiyo sita ndiyo ya chini kabisa. Saratani ya namna hiyo, ikiwa bado imo ndani ya tezi, hukua taratibu mno hata mara nyingi tunaifuatilia tu: damu ya PSA (protini inayotengenezwa na tezi hiyo), kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa, picha, na kinyama kingine baadaye. Hakuna kisu.

Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa haijatoka nje ya tezi. Wengine walipasuliwa, wengine wakapata mionzi, wengine wakawa wanaangaliwa tu. Baada ya miaka 15, takriban 97 katika kila 100 walikuwa hawajauawa na saratani hiyo, kundi lolote walilokuwemo. Lakini hao waligunduliwa mapema. Wengi ninaowapokea mimi huja tayari na mpira wa mkojo au mgongo unaouma usiku kucha, na siwezi kuwadanganya kwamba hesabu hiyo ni yao.

Hata hao nina la kuwaambia. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume. Daktari wa upasuaji Charles Huggins alilionyesha hilo kule Chicago mwaka 1941, na likampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Ukiinyima chakula hicho, kwa sindano au kwa kuondoa korodani, kwa wagonjwa wengi hunywea. Haiishi kabisa, ila hunywea, pengine kwa miaka. Nimemwona mzee aliyeletwa amebebwa akirudi kliniki kwa fimbo yake, analalamikia joto la ghafla linalompanda kifuani. Ni madhara ya tiba, na ni malalamiko ninayopenda kuyasikia.

Neno korodani huwainua wazee kwenye kiti. Upasuaji wenyewe ni mdogo, wa mara moja. Sindano hurudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu, na bei yake si ndogo. Hamu ya tendo la ndoa hupungua kwa njia zote mbili. Nalisema hilo mbele ya mama, naye mara nyingi huuliza kwanza kama mumewe ataweza kulala.

Mwalimu tulikubaliana arudi baada ya miezi sita. Akaandika tarehe nyuma ya bahasha, kisha akauliza kama mbege, pombe yetu ya ndizi, inaruhusiwa.

Nikamwambia kikombe kimoja.