Plasmidi: mzigo ambao bakteria hupeana

Ng'oa shina la maharage lililoanza kutoa maua, iwe Uyole au Mbozi, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kisha ukung'ute udongo taratibu. Mizizini utaona vinundu. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi: bakteria waitwao rizobia wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kwa rizobia wa maharage, sehemu kubwa ya maelekezo ya kazi hiyo haipo kwenye kromosomu yao, yaani uzi mkuu wa maelekezo ya urithi. Ipo kwenye plasmidi. Rizobia akiipoteza anaendelea kuishi udongoni, ila vinundu haundi tena.

Plasmidi ni kipande cha DNA, kemikali inayobeba maelekezo ya urithi, mara nyingi cha mviringo kama pete, kinachokaa ndani ya bakteria kando ya kromosomu na kujinakili chenyewe. Joshua Lederberg wa Marekani ndiye aliyekipa jina hilo mwaka 1952. Nyingine hubeba jeni (elekezo moja moja la urithi) chache tu, nyingine mamia. Bakteria wa kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu wanaujua vizuri, ana mbili: moja ina jeni za sumu, nyingine za utando unaomkinga dhidi ya chembe za ulinzi za mwili. Chanjo ya ng'ombe ya aina ya Sterne hutengenezwa kwa bakteria aliyekwisha kuipoteza hiyo ya utando.

Sisi binadamu hurithi kutoka kwa wazazi. Bakteria naye humrithisha anayezaliwa kutoka kwake, lakini ana njia nyingine pia: humgusa jirani kwa kijimrija chembamba na kumpitishia nakala ya plasmidi, naye akabaki na yake. Jirani huyo si lazima awe wa ukoo wake. Bakteria asiye na madhara wa utumbo wa nguruwe anaweza kumpa plasmidi bakteria anayeleta ugonjwa wa njia ya mkojo kwa mama mjamzito.

Japani waliliona hili mapema. Katikati ya miaka ya 1950 walipata bakteria wa kuhara damu asiyesikia dawa nne kwa mpigo: salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Mwaka 1959 watafiti Ochiai na Akiba walionyesha kuwa usugu huo wote ulihama pamoja, kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Neno "pamoja" ndilo ninaloomba msomaji alishike. Fikiria mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba moja: ukiubeba kwa ajili ya gogo moja, umeyabeba yote. Mfugaji anapowapa nguruwe oksitetrasaiklini, ile tunayoiita OTC, bakteria wasio na kinga wanakufa na wenye plasmidi ya kuishinda dawa hiyo wanabaki. Lakini plasmidi hiyo hiyo inaweza kuwa na jeni za kuishinda ampisilini na salfa pia. Hapo mfugaji amekuza usugu wa dawa ambayo hajaigusa, na ambayo pengine mwanawe ataihitaji kesho. Kisha samadi inakwenda bustanini kwenye mboga. Ndiyo maana sikubali mtu anapogawanya suala hili kuwa la mifugo upande mmoja na la hospitali upande mwingine.

Je, tukiacha dawa usugu utakwisha? Mara nyingi hupungua, kwa sababu kubeba plasmidi kunamgharimu bakteria nguvu. China mwaka 2017 ilipiga marufuku kolistini, dawa ya kuua bakteria, kama nyongeza kwenye chakula cha mifugo, baada ya jeni ya usugu iliyo kwenye plasmidi kugunduliwa kwa nguruwe na kwa wagonjwa, na vipimo vya baadaye vilionyesha jeni hiyo imepungua. Lakini si plasmidi zote huondoka kirahisi. Baadhi hutengeneza sumu na kiuasumu, yaani kinachoizima sumu hiyo, kwa wakati mmoja: kiuasumu huisha haraka, sumu hudumu, hivyo bakteria anayezaliwa bila plasmidi hufa.

Katika Nyanda za Juu Kusini naona makosa mawili yanayoweza kuachwa leo. Moja ni kuwapa kuku antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, kwa ajili ya mdondo (kideri). Mdondo ni virusi, hauponi kwa OTC. Kuku wachanjwe kabla haujaingia. La pili ni maziwa. Ng'ombe akichomwa sindano, chupa ya dawa ina siku za kusubiri zilizoandikwa, na siku hizo maziwa hayauzwi wala hayanywewi nyumbani. Wengi huniambia, "Lakini tunachemsha." Kuchemsha kunaua bakteria, ila mabaki ya dawa hayaondoki yote, nayo yakifika utumboni mwa mtoto huwachagua bakteria wale wale wenye plasmidi.