Dawa ya meno haitengenezi taa za gari

"Paka dawa ya meno, taa zitarudi kama mpya."

Hii ndiyo inayosikika kila kukicha, na imeharibu taa nyingi. Kosa linaanzia kwenye jina. Tunasema "kioo cha taa", lakini magari ya leo karibu yote hayana kioo pale mbele. Ni polikaboneti: plastiki isiyopasuka kirahisi, ila ni laini, inachubuka upesi na haivumilii jua. Ndiyo maana kiwandani hupakwa ngozi nyembamba, ngumu, ya kuzuia mionzi ya urujuanimno (UV) ya jua. Jua na mchanga vikishaichosha, ngozi hiyo huanza kubanduka, mara nyingi kuanzia sehemu ya juu ya taa inayotazama anga. Plastiki ya chini yake inabaki uchi, inageuka njano.

Dawa ya meno ina chembechembe za kusugulia. Zinakwangua ile njano ya juujuu, taa inang'aa siku hiyohiyo, na mwenye gari anaamini kazi imekwisha. Alichofanya ni kumalizia mabaki ya ngozi ya kinga na kuianika plastiki tupu juani. Ndani ya wiki au miezi michache ukungu unarudi. Magadi ya kuokea na siki ni mambo yaleyale. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye kemikali iitwayo DEET ni mbaya zaidi, kwa sababu haisugui bali inayeyusha uso wa plastiki. Taa inaonekana safi kwa muda, kisha inanata, inashika vumbi na kuota nyufa ndogondogo ambazo msasa hauzifikii.

Kabla ya kugusa chochote, mwagia taa maji. Ikionekana angavu ikiwa imelowa, ukungu uko nje na unatengenezeka. Ikibaki na ukungu vilevile, tatizo liko ndani au plastiki imepasuka kwa kina, na hapo kusugua nje ni kujichosha.

Kazi yenyewe ni msasa wa maji. Osha taa kwa sabuni, kisha zungushia tepu ya karatasi tabaka mbili kwenye rangi ya bodi, maana msasa ukiteleza mara moja tu unakula rangi. Ngozi ikiwa inabanduka vipandevipande, anza na msasa namba 600 au 800 (namba ikiwa kubwa, msasa ni laini zaidi). Ikiwa ni njano tu, 1000 inatosha. Weka tone la sabuni ya vyombo kwenye maji na uloweshe taa muda wote. Tazama maji yanayochuruzika: mwanzoni yatakuwa na unjano, ambao ni ngozi iliyokufa inayotoka. Usihamie namba inayofuata mpaka yatoke meupe mahali pote, hasa kwenye kona na kingo, kwa sababu kiraka cha ngozi ya zamani kikibaki kitaonekana kama ramani chini ya kinga mpya. Kisha 1500, 2000 na 3000, isipokuwa kama utapaka vanishi nitakayoieleza hapo chini. Kila namba isugue kukatiza mistari ya ile iliyopita, ili uone kama mikwaruzo ya zamani imefutika yote. Badilisha maji kila unapobadili namba. Punje moja ya msasa wa 800 ikibaki kwenye ndoo itakuchorea mstari mwishoni kabisa.

Baada ya hapo piga polishi. Kwa mashine, nenda taratibu na usikae mahali pamoja, kwani polikaboneti ikipata moto inavimba na kufanya mawimbi yasiyotoka tena.

Halafu inakuja hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayoamua kama taa itadumu: kurudisha kinga. Futa kwa pombe ya isopropili, acha ikauke, kisha paka kinga ya urujuanimno iliyotengenezwa kwa ajili ya taa. Chaguo imara zaidi ni vanishi ya magari ya kuchanganya na kigumishi, yenye kizuizi cha urujuanimno. Ukikusudia vanishi hiyo, usifike 3000 wala usipige polishi. Ishia 1000, kwa sababu vanishi inahitaji mikwaruzo ya kushikia, na ile midogo itaijaza yenyewe. Ukiipiga juu ya uso uliong'arishwa, itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Piga koti la kwanza jepesi sana, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha la pili lililojaa. Fanya kazi mahali penye hewa ukiwa na barakoa ya kemikali, maana kigumishi kina isosayanati, na hiyo ni sumu kwa mapafu. Vanishi ya kawaida ya kopo la kupuliza isiyo na kizuizi cha jua haifai. Nta nayo ni kinga ya wiki chache tu.

"Taa hafifu dawa yake ni balbu ya wati 100."

Balbu kali nyuma ya taa yenye ukungu inatawanya mwanga kila upande: wewe huoni mbali, na anayekuja mbele yako anapofuka. Zaidi ya hapo, H4, aina ya balbu ya halojeni yenye fulu na dimu pamoja, kwa kawaida ni wati 60 fulu na 55 dimu, yaani takriban ampea 5 kwa volti 12. Wati 100 inavuta zaidi ya 8, na joto kwenye nyaya linapanda karibu mara tatu, kwa sababu hukua kwa mraba wa mkondo. Soketi inageuka kahawia na kuyeyuka, na kiakisi, yaani sehemu inayong'aa nyuma ya balbu inayorusha mwanga mbele, kinaungua.

Pima volti kwanza. Washa injini na taa, weka mita ya volti kwenye soketi ya balbu, kisha linganisha na betri. Balbu ya halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti zake hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Mara nyingi kosa ni waya wa ardhi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, wenye kutu. Usafishe, au weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) yenye nyaya nene kutoka betri, na balbu ileile ya wati 55 itakushangaza.

"Kelvini nyingi, mwanga mwingi."

Hapana. Kelvini ni rangi ya mwanga, lumeni ndiyo wingi wake. Halojeni iliyopakwa bluu hutoa mwanga mchache kuliko ile isiyopakwa, kwa sababu rangi hiyo inachuja.

"Balbu ya LED inaingia, basi inafaa."

Kuingia kwenye soketi si kufaa. Kiakisi kimechongwa kwa ajili ya waya mwembamba unaowaka ndani ya balbu, uliokaa mahali maalumu, na ndani ya H4 kuna kikombe kidogo cha chuma chini ya waya wa dimu kinachozuia mwanga usipande juu. LED ambayo chipu zake hazikai pale waya ulipokuwa inamwaga mwanga machoni pa watu. Mahali ambapo sheria inaruhusu kubadili, chipu zitazame kushoto na kulia, si juu na chini. Kisha simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, na uwashe dimu: mstari wa juu wa mwanga uwe mkali, takriban sentimita 5 chini ya kimo cha kitovu cha taa. Mstari ukififia au mwanga ukipanda juu yake, rudisha halojeni.

Na ukiishika halojeni, usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaungua juu ya kioo, sehemu hiyo inapata joto kupita kiasi na balbu inakufa mapema. Ukigusa, futa kwa pombe kabla ya kuwasha.