Ununuzi wa Louisiana, 1803: Nini Kiliuzwa, Nini Kililipwa

Tangu Rais Donald Trump aanze kuizungumzia Greenland kama mali inayoweza kununuliwa, maswali kuhusu nchi kununua ardhi ya nchi nyingine yameongezeka. Karibu kila muulizaji anakuja na mfano uleule: mwaka 1803 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliiuzia Marekani Louisiana, eneo kubwa magharibi mwa mto Mississippi pamoja na New Orleans, si jimbo la leo tu, kwa "senti tatu kwa ekari", akahesabiwa fedha zake, kila mtu akaenda zake. Senti tatu ni hesabu ya kugawa dola milioni 15 kwa ekari zipatazo milioni 530. Kugawa mnajua. Tatizo ni kwamba hakuna aliyelipa kwa namna hiyo, na kilichouzwa hakikuwa ekari.

Chanzo tutakipitia kwa haraka. Hispania iliirudishia Ufaransa Louisiana kwa mkataba wa siri wa San Ildefonso, tarehe 1 Oktoba 1800, lakini maofisa wa Kihispania waliendelea kusimamia New Orleans. Oktoba 1802 waliwafutia Wamarekani haki ya kuhifadhi shehena zao bandarini hapo, na mazao yote ya magharibi yaliyokuwa yakishuka na mto Mississippi yakakosa mlango. Rais Jefferson akamtuma James Monroe kwenda Paris kuungana na Robert Livingston, mwakilishi wa Marekani huko, kwa maelekezo ya kununua New Orleans na Florida tu. Wakati huohuo jeshi la Napoleon lilikuwa limeteketea Haiti, koloni la Ufaransa ambalo Louisiana ilikusudiwa kulilisha, kwa homa ya manjano na kwa mikono ya watu waliokataa kurudishwa utumwani. Bila Haiti, Louisiana ilikuwa haina kazi kwa Ufaransa, na vita na Uingereza vilikuwa mlangoni. Wanaomsifu Jefferson kwa ujanja wa biashara wangeanza na Wahaiti.

Sasa malipo, maana hapa ndipo upotoshaji ulipo mwingi. Bei ilikuwa faranga milioni 80, katika mafungu mawili. Faranga milioni 60, sawa na dola 11,250,000, zilikwenda kwa serikali ya Ufaransa. Zilizobaki, zisizozidi faranga milioni 20 au dola 3,750,000, Marekani ililipa raia wake yenyewe waliokuwa wakiidai Ufaransa. Fungu hilo la pili Paris haikulishika.

Hata fungu la kwanza halikuwa fedha taslimu. Marekani ilitoa hatifungani, yaani hati za deni, zenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, riba ikilipwa kila nusu mwaka, dola 337,500 kwa awamu, mjini London, Amsterdam au Paris. Deni lenyewe lilipaswa kuanza kulipwa miaka 15 baada ya kubadilishana hati za uridhiaji, kwa awamu zisizopungua dola milioni 3 kwa mwaka. Chukua kalamu: kwa masharti hayo, riba ya miaka 15 peke yake ni dola 10,125,000, karibu sawa na deni lenyewe. Ufaransa haikuwa na subira ya kungoja. Iliziuza hatifungani hizo kwa punguzo kwa mabenki ya Baring ya London na Hope ya Amsterdam. Naam, benki ya London ilisaidia kumpatia Napoleon fedha huku Uingereza na Ufaransa zikiwa vitani.

Utaratibu wa uridhiaji nao ulikuwa na kikomo cha miezi 6 kuanzia 30 Aprili 1803. Seneti ya Marekani iliridhia tarehe 20 Oktoba kwa kura 24 dhidi ya 7, hati zikabadilishwa kesho yake, zikiwa zimesalia siku chache. Hispania ilipinga, ikisema Ufaransa ilikwisha kuahidi kutoiachia nchi nyingine eneo hilo. Pingamizi halikuzuia makabidhiano: Hispania iliikabidhi Ufaransa New Orleans tarehe 30 Novemba, na Ufaransa ikaikabidhi Marekani tarehe 20 Desemba 1803.

Baada ya hapo ndipo kazi ya ardhi ilipoanza. Tunarudia kila mara na tutaendelea kurudia: mkataba ulihamisha mamlaka, haukumpa mtu yeyote kiwanja. Kwa sheria ya 26 Machi 1804, ardhi iliyogawiwa baada ya 1 Oktoba 1800 ilihesabiwa batili, isipokuwa kwa mkaazi halisi aliyekwishapata kipande kisichozidi maili moja ya mraba kabla ya 20 Desemba 1803. Aliyejaribu kufanya makazi au kupima ardhi ya umma bila ruhusa aliweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi 12. Sheria ya 2 Machi 1805 ikawataka wadai wenye hati zisizokamilika kuwasilisha taarifa ya maandishi pamoja na mchoro wa kiwanja na vielelezo vyao kwa msajili kabla ya 1 Machi 1806, kwa ada ya senti 12 na nusu kwa kila maneno 100 ya kielelezo kilichosajiliwa. Aliyechelewa alipoteza haki, na karatasi yake haikupokelewa mahakamani dhidi ya hati iliyotolewa na Marekani. Congress, bunge la Marekani, ilisogeza tarehe hiyo mbele zaidi ya mara moja. Ugumu ulikuwa wazi: wakulima wengi walikuwa na ruhusa ya mdomo tu ya kamanda wa Kihispania.

Na wenyeji? Sehemu kubwa ya eneo lililouzwa Ufaransa haikuwahi kulitawala wala kulikanyaga. Ilichouza ni dai lake mbele ya mataifa mengine ya Ulaya. Kifungu cha 6 kiliitaka Marekani iheshimu mikataba ya Hispania na mataifa ya wenyeji hadi wakubaliane mengine, hivyo ardhi yenyewe ikabidi itafutiwe mikataba mipya, mmoja baada ya mwingine, mara nyingi kwa shinikizo. Mfano: tarehe 10 Novemba 1808, penye ngome ya Clark kando ya mto Missouri, Waosage, mojawapo ya mataifa ya wenyeji, waliachia sehemu kubwa ya Missouri na Arkansas za leo. Kati ya makundi yao mawili, Osage Wakubwa walipewa dola 800 na Osage Wadogo dola 400, pamoja na bidhaa za dola 1,000 na 500 kila mwaka. Malipo haya hayamo katika "senti tatu" zenu.

Mipaka pia haikuandikwa. Mkataba ulisema tu eneo ni lilelile lililokuwa mikononi mwa Hispania. Mpaka wa kaskazini na Uingereza, iliyokuwa ikitawala Kanada, ulipatikana mwaka 1818, na ule wa Hispania kwa mkataba wa 1819 ulioanza kutumika 1821.

Kwa wanaoomba nakala za mkataba: hati ni tatu, si moja, na zote zina tarehe ya 30 Aprili 1803. Mkataba wenyewe una vifungu 10, makubaliano ya malipo vifungu 3, na ya madai ya raia vifungu 13. Maswali kuhusu bei hayajibiwi kwa kusoma ule wa kwanza, kwa sababu bei haimo.