Ritifaa humfuata mwenye mali

Kwenye Kiingereza cha wazungumzaji wa Kiswahili ninachokihariri, hakuna kinachonichosha kalamu kama umilikishi. Kanuni ya kuongeza ritifaa (alama hii: ') na s karibu kila mtu anaijua. Shida ni ritifaa ikae wapi.

Mimi hushauri hivi: mwandike mwenye mali kwanza, mmalize, ndipo umtie ritifaa. Mwalimu mmoja ni "teacher", ofisi yake ni "the teacher's office". Wakiwa wengi ni "teachers". S ya wingi imeshakuwepo, huongezi nyingine: "the teachers' office". Watoto ni "children", wingi usio na s, basi vitabu vyao ni "children's books". Nikikuta "childrens' books" najua mwandishi amekimbilia s kabla hajammaliza mwenye mali. Na vitabu viwe kimoja au mia, ritifaa haisogei.

Majina kama James yana ubishi wake. "James's car" na "James' car" zote zinakubalika. Mimi hupendelea ya kwanza kwa kuwa ndivyo wengi wanavyotamka. Shika moja tu andiko zima.

Wamiliki wakiwa wawili, angalia wanamiliki pamoja au kila mtu na chake. "Asha and Juma's house" ni nyumba moja ya wote wawili. "Asha's and Juma's houses" ni kila mtu na yake.

Kwenye viwakilishi ndipo Kiswahili kinapotuponza. Kwetu kimilikishi hufuata ngeli ya kitu: kitabu chake, gari lake, watoto wake. Mwenye kitu awe mwanamume au mwanamke, haibadiliki. Kiingereza hakina habari na kitu, kinamtazama mwenyewe. Asha anampenda mumewe: "Asha loves her husband". Wengi huandika "his", maana mume ni mwanamume. Lakini mwenye mume ni Asha!

"My", "your", "her", "our" na "their" hutangulia nomino; "mine", "yours", "hers", "ours" na "theirs" husimama peke yake. "His" hufanya kazi zote mbili. Hakuna hata kimoja chenye ritifaa, kwa hiyo "her's" na "your's" zifute bila huruma.

Tatizo sugu ni "its". "It's" ni ufupisho wa "it is" au "it has", basi. Ukisita, irefushe: "the dog wagged it is tail" haina maana, kwa hiyo hapo ni "its". Tusijilaumu sana, maana Waingereza wenyewe walichelewa kutulia. Biblia ya King James ya 1611 inasema chumvi ikipoteza "his savour" (ladha yake), pale ambapo leo tungeandika "its", na katika karne ya 17 na ya 18 hata wasomi waliandika "it's" kwa maana ya umiliki. Leo ni kosa. Kipimo hichohicho cha kurefusha kinatenganisha "whose" na "who's", "their" na "they're".